Sayari Aliyoishuhudia Baba

Baba yangu, Matar bin Salem, alikuwa mtu wa kawaida kabisa mpaka jioni ile aliposema ameuona mwezi.

Kazi yake ilikuwa kupima karafuu bandarini. Wazee wake walikuwa na shamba Kidichi, likaenda na mambo ya mapinduzi, na yeye hakupata kulitaja kwa uchungu wala kwa sifa. Alipanda ngazi za nyumba yetu ya Mkunazini akihema, akanywa chai ya tangawizi, akalala kidogo, na baada ya laasiri akashuka barazani kukaa na wenzake. Mngeniuliza mimi, bintiye Thuwaiba, sifa yake kubwa ni ipi, ningesema alikuwa mkweli, basi. Tena ukweli wake ulikuwa wa kuchosha. Ukimuuliza kama mchuzi umekolea atakwambia haujakolea, hata kama mpishi amesimama mbele yake na upawa mkononi.

Ule ulikuwa mwaka wa 1985, tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani. Kwetu mwezi haukubaliwi kwa hesabu za mtu aliyekaa chumbani. Anatakiwa aliyeuona kwa jicho lake, anayejulikana kuwa si mwongo, aje aseme. Baba alipanda juu ya dari na wenzake kutazama upande wa magharibi. Palikuwa na mawingu mawingu. Akanyoosha kidole: ule pale. Wenzake hawakuuona, lakini aliyesema ni Matar, na Matar hasemi ovyo. Mtaa wetu na mitaa ya jirani ikafungua kwa kauli yake. Asubuhi tukasali Idi, watoto wakavaa nguo mpya, nami nikapika biriani ya watu wengi.

Jioni yake mbingu ilikuwa nyeupe, na kila mtu akauona mwezi wenyewe, mwembamba, chini kabisa, ukazama mara. Mwezi wa siku ya pili hauwi hivyo. Hata mtoto alijua kuwa ule ndio kwanza umezaliwa, na kwamba sisi tumekula mchana wa Ramadhani. Alichokiona Baba mle mawinguni hatukijui mpaka leo.

Hakuna aliyemtukana. Wallahi, ingekuwa bora wangemtukana. Watu walilipa siku yao kimya kimya, na Baba akafunga siku nyingi kuliko zilizomlazimu. Kisha miezi michache baadaye kulikuwa na ndoa msikitini, ikatakiwa shahidi wa pili. Baba alikuwa amekaa karibu, akajisogeza mbele kama alivyozoea. Mfungishaji akamtazama, akatazama pembeni, akasema kwa upole kabisa, "Tumpate na mwengine."

Baba alirudi nyumbani, akakataa chakula, na tangu siku ile akaacha kukaa barazani. Akitoka msikitini aliwapa wenzake salamu, akapanda juu. Wakimwita alisema ana kazi. Kazi gani, mtu amestaafu! Nilijua anadanganya, na kwa Baba huo ndio uongo pekee niliopata kuusikia. Ndani ya nyumba alikuwa akizunguka kutoka kiti hiki mpaka kile, ananiuliza saa, na mimi niliyeachika na kurudi kwa wazee nikawa nawashonea watu nguo huku namchunga kama mgonjwa asiye na homa.

Mdogo wangu Salem alikuwa ameondoka mwaka huo huo kwenda Ulaya kusoma fizikia. Alipomaliza alipata kazi kwenye jumba la darubini, juu ya mlima wenye theluji. Sisi tulidhani kazi yake ni kutazama nyota. Alipokuja likizo mwaka wa 1989 ndipo alipotueleza kuwa hatazami chochote. Anapima mwendo. Nyota moja, inayofanana na jua letu, inakuja kidogo na kwenda kidogo, kwa kasi ya baiskeli inayoteremka, na yeye na wenzake wana chombo cha kuijua kasi hiyo kutoka huku chini.

"Na inakwendaje na kurudi, kitu kikubwa vile?" Baba aliuliza. Alikuwa amelala kitandani, akakaa.

"Baba, umepata kumuona mtu mzima anamshika mtoto mikono miwili, anamzungusha?"

"Nlikuzungusha wewe."

"Basi wewe pia ulikuwa unayumba, ijapokuwa kidogo. Sasa fikiri mtu yuko mbali, anakuona wewe tu, mtoto hamuoni. Ataona mtu mzima anayumba peke yake. Akiwa na akili atasema, huyu ana mtoto mikononi."

"Na huyo mtoto wa nyota yako hujamuona?"

"Sijamuona. Hawezi kuonekana, mwangaza wa nyota unamfunika. Lakini akiwepo ni sayari kubwa, labda kuliko zote tulizonazo huku."

Nilimuona Baba anabadilika uso. "Yaani unaweza kushuhudia kitu bila ya kukiona?"

"Kikitimiza duara, naam. Nyota ikienda, ikarudi, ikaanza tena pale pale ilipoanzia, kwa mwendo ule ule. Hapo ndipo naweka jina langu."

"Na kabla yake?"

Salem alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Alikuwa kijana wa miaka ishirini wakati wa mambo ya mwezi, na ninaamini kuwa mambo yale ndiyo yaliyomfanya alivyo. "Kabla yake sisemi kitu, Baba. Hata nikichinjwa."

"Itachukua muda gani?"

"Miaka minne. Mitano ikizidi sana."

Basi hapo ndipo yalipoanza. Mzee aliyekuwa hana la kungojea akapata la kungojea. Alianza kuniambia, ninapomletea chai, kwamba nyumba hii itatoa shahidi. Siku hiyo atavaa joho lake, atashuka, atakaa barazani katikati ya rafiki yake Masoud na wenziwe, na hataongeza neno. Atakaa tu. Mimi nilimwambia ashuke leo, baraza iko pale pale, haina mlango. Akanijibu kuwa mimi ni mwanamke, sijui jambo la kauli kuanguka. Nilikasirika, maana ninajua zaidi ya anavyodhani, lakini nilikuwa sina dawa ya ugonjwa ule.

Ile minne ikapita. Salem alipokuja tena akasema nyota bado inakwenda, haijaonyesha dalili ya kurudi, kwa hiyo mwaka wa sayari ile ni mrefu kuliko walivyodhani. Labda saba. Alipokuja mara nyengine akasema labda kumi, labda kumi na mbili. Kila akija mwaka wake umerefuka! Nilimwambia mbele ya Baba, "Salem, hii sayari gani inayoongezeka safari kila ukiitazama? Wewe unaipima au unaifukuza?"

"Dada, nisipoliona duara lote siwezi kujua ukubwa wake. Ni kama kumpima mtu kanzu kwa kumuona bega tu."

"Mimi nnapima kanzu za watu wanaosimama."

Baba alicheka, nami nikafurahi kumsikia anacheka. Lakini alipoondoka Salem, mzee alikaa kitandani anahesabu vidole vyake. Alikuwa anapindukia sabini. Mtu wa umri ule akiambiwa kumi na mbili hahitaji kalamu.

Mwaka wa 1995 redio ikatangaza kuwa wataalamu wa Ulaya wamegundua sayari inayozunguka nyota nyengine inayofanana na jua. Baba alitupa kikombe. "Thuwaiba! Thuwaiba!"

"Naam, Baba!"

"Ya Salem hiyo!"

Haikuwa ya Salem. Ilikuwa ya watu wengine, mlima mwengine, na sayari yenyewe inalizunguka jua lake kwa siku nne tu. Siku nne! Ukiianza Jumamosi, Jumatano umemaliza. Salem alipopiga simu nilimwambia bila ya kumung'unya, "Wenzako wamekamata sungura, wewe umeng'ang'ania kobe wa kisiwani Changuu." Akacheka kwa adabu. Akasema sungura wako wengi karibu na nyota zao na watakamatwa wote, lakini mfano wa nyumba yetu sisi, sayari kubwa iliyo mbali na jua lake, haupatikani ila kwa kobe. Akasema hakuna mkono unaoweza kuisukuma. Hilo nililielewa vizuri sana. Nilikuwa na mzee ndani ambaye naye hapakuwa na mkono wa kumsukuma, wala wa kumzuia.

Simu nyengine ilikuja mwaka wa 1997, mchana, ninakata kitambaa. Sauti ya Salem ilikuwa ya juu, jambo ambalo si kawaida yake. "Mwambie Baba imegeuka. Ilikuwa inakwenda, sasa inakuja. Imegeuka, dada!"

Nilimwambia Baba kama nilivyoambiwa. Wala sikuongeza wala sikupunguza.

Sasa mjue akili ya mtu aliyelelewa na mwezi. Kwake yeye jambo kama hili lina mlango mmoja tu: halijaonekana, kisha limeonekana. Mwezi hauandami nusu. Hakuna aliyepata kushuka darini akasema, nimeuona kidogo, nipeni miaka saba mingine. Baba aliposikia imegeuka, kwake yeye ulikuwa umeandama. Akaomba joho lake. Nikamwambia, "Baba, Salem kasema imegeuka, hakusema imetimia." Akaniambia nimtafutie na kilemba. Nikamfunga mimi mwenyewe. Nilikuwa ninajua kuna kasoro, lakini niseme kweli, nilikuwa sijamuona na uso ule tangu mama yetu yuko hai.

Akashuka. Nilikaa dirishani, juu ya vichwa vyao, nikasikia kila kitu. Walikuwepo Masoud, rafiki yake wa tangu chuoni, na Muhiddin muuza vitambaa, na wengine wawili watatu. Walinyanyuka wote kumpisha.

"Kijana wangu kashuhudia," Baba alisema. "Kuna sayari huko, haijapata kuonwa na mtu, na mwanangu kaithibitisha. Imethibiti."

"Mashaallah!" Masoud alisema, akampa mkono. Muhiddin akampa mkono. Wakaagiza kahawa, wakamuuliza sayari ina watu, akasema hajui, na wakacheka. Alikaa mpaka adhana ya magharibi. Na kesho yake akashuka tena. Na kesho kutwa. Zaidi ya mwaka mzima Baba yangu alikuwa mtu wa barazani, anabishania mpira wa vijana asiowajua majina, na akirudi juu anakula mpaka anasafisha sahani. Sikumpigia simu Salem kumweleza. Ningemwambia nini, kwamba mzee anakula?

Salem alikuja likizo mwisho wa 1998. Sikuwahi kumvuta pembeni. Alikuja kutoka uwanja wa ndege kwa teksi iliyomshusha mwanzo wa uchochoro, na njia ya mlango wetu inapita mbele ya baraza. Baba alikuwa amekaa pale pale anamngoja, joho mwilini.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, ami Masoud."

"Marahaba, marahaba!" Masoud alisema. "Hongera, mwanangu. Babaako katupa habari zote. Sayari imethibiti!"

Nilikuwa dirishani. Salem alisimama na begi mkononi. Hakuliweka chini.

"Si imethibiti?" Muhiddin aliuliza, kwa kuuliza tu, kama mtu anavyouliza hali.

Salem alimtazama Baba. Mimi kule juu nilikuwa nasema kwa roho yangu yote, sema ndiyo, sema ndiyo, mpumbavu wee, nani atakwenda kuitazama? Na Baba akamtazama Salem. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya mchuzi kutokolea, "Jibu, mwanangu. Umeulizwa."

"Bado," Salem alisema. "Imegeuka tu. Kugeuka si kurudi. Inaweza kuwa sayari, inaweza kuwa nyota ndogo iliyofifia, inaweza hata kuwa madoa ya nyota yenyewe yanatuhadaa. Bado, ami."

Masoud akasema haya, Mungu akipenda itatimia, mpe babaako begi akubebee. Wakacheka. Mmoja akaingiza habari ya umeme kukatika. Baba alikaa kidogo, akaomba ruhusa, akanyanyuka, akapanda ngazi. Nilizisikia pumzi zake tangu ghorofa ya chini.

Nilimvaa Salem jikoni. "Ungesema ndiyo ungepungukiwa nini?"

"Ikija kuwa siyo, dada, atakuwa kasema uongo mara mbili mbele ya watu wale wale. Safari hii na mimi nimo."

"Sasa je? Sasa si kashasema uongo mara mbili?"

Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mtu mzima, daktari wa fizikia, akaficha uso. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote, nikaendelea kukatakata vitunguu. Chumbani Baba alikuwa amevua joho amelikunja. Salem alipoingia kumuomba radhi, mzee alimwambia hana kosa, kasema alilolijua. Yeye Baba ndiye aliyeharakisha, kama kawaida yake. Alisema hivyo bila ya hasira, na ndiyo maana ikauma.

Hakushuka tena. Miguu ilikuwa inamuuma, hilo ni kweli, lakini ingekuwa miguu tu ningembeba mimi. Wenzake walipita chini wakimwita, "Matar! Matar!" akanituma niwaambie amelala. Nilikuwa nawachukia wale wazee kwa yale niliyodhani wanayasema akiwa hayupo. Kila Salem akipiga simu Baba aliuliza, "Imefika wapi?" na Salem alimweleza ilipofika, kama mtu anayeeleza habari za jamaa aliye safarini. Miezi ya mwisho alikuwa hawezi kushika simu, nikamwekea sikioni. "Imefika wapi?" "Imebakia robo, Baba." "Haya. Isikimbie." Alifariki mwaka wa 2001, asubuhi, ninampa uji. Robo ile ilikuwa bado.

Salem alipiga simu mwaka wa 2004. Nilijua kwa namna alivyoniita. Nyota ilikuwa imemaliza duara, imepita pale ilipoanzia na kuanza tena kwa mwendo ule ule. Si madoa, wameyachunguza mbali. Wamepima pia namna nyota inavyosogea ubavuni, wakaona si nyota iliyofifia. Ni sayari, ina uzito wa mara tatu ya Mushtarii, ile kubwa kuliko zote za huku kwetu, mwaka wake ni kama miaka kumi na minne ya kwetu, na njia yake imebenuka kidogo upande mmoja. Majina ya waliotia sahihi yako kumi na moja, lake ni la sita.

"Imethibiti, dada," alisema, na hapakuwa tena na wa kumpelekea habari.

Nilivaa buibui nikashuka. Sikujua ninakwenda kufanya nini. Nadhani nilitaka mtu mmoja katika wale aisikie, ajue alimdhania vibaya mtu mkweli. Barazani alikuwepo Masoud peke yake, Muhiddin keshatangulia, wengine pia. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini sauti yangu aliijua.

"Shikamoo, ami Masoud."

"Marahaba, Thuwaiba."

"Nmekuja kukupa habari. Salem kapiga simu. Ile sayari imethibiti."

Alinielekeza uso, amestaajabu. "Si ilithibiti zamani? Matar alitwambia. Alikuja na joho lake, tukampa mkono sote."

"Salem alisema bado, ami. Mbele yenu nyote, hapa hapa."

"Salem?" Alifikiri, akatikisa kichwa. "Hilo silikumbuki. Matar akishasema, nani tena wa kumuuliza mtoto? Sisi tulijua imethibiti tangu siku ile. Lakini babaako akaacha kushuka, tukawa tunamwita tu. Kila siku mnasema kalala."

Nilikaa pale pale barazani, mwanamke mzima, nikalia mbele ya wapita njia, na ami Masoud akawa ananipapasa bega, ananiuliza nani kafa.